Chuki dhidi ya Wakatalani: Kosa lao ni siasa au ni lugha?

MNAMO Oktoba 2, 2017, kikosi cha timu ya taifa ya Uhispania kilikusanyika katika uwanja wake wa mazoezi wa Las Rozas, viungani mwa jiji la Madrid, kujiandaa kwa mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia. Mashabiki waliofika kuwatazama wachezaji hawakuwashangilia wote. Difenda Gerard Piqué, aliyekuwa ameisaidia nchi hiyo kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2010 na ubingwa wa bara Ulaya mwaka 2012, alipokelewa kwa mazomeo, matusi na mabango ya kumtaka aondoke.

Siku iliyotangulia, Piqué alikuwa ameshiriki kura ya maamuzi kuhusu uhuru wa Catalonia, kura ambayo Mahakama ya Kikatiba ya Uhispania ilikuwa imeipiga marufuku. Jioni hiyo alibubujikwa na machozi mbele ya wanahabari akilaani jinsi polisi walivyowacharaza wapigakura kwa virungu. Hakuwa ametangaza kwamba anataka Catalonia ijitenge. Alichotetea ni haki ya watu kupiga kura. Isitoshe, mazomeo yenyewe hayakuanza siku hiyo, kwani tangu 2015 mchezaji huyo alikuwa akipigiwa miluzi na mashabiki wa timu yake mwenyewe ya taifa. Wapo waliosema wanamwadhibu kwa vijembe alivyowarushia mahasimu wao wa Real Madrid. Wapo pia ambao hawakujisumbua kutafuta kisingizio: alikuwa Mkatalani, basi.

Kwa wapenzi wa soka wa humu nchini, ambao hujazana katika kumbi za burudani Barcelona na Real Madrid zinapokutana, uhasama huu huonekana kama utani wa jadi baina ya timu mbili kubwa. Lakini nyuma ya kabumbu mna jambo zito zaidi, ambalo Wahispania wenyewe wamelibunia jina, katalanofobia, yaani chuki au bezo dhidi ya Wakatalani, lugha yao na utamaduni wao.

Catalonia ni jimbo la kaskazini mashariki mwa Uhispania lenye wakazi takriban milioni nane, na Barcelona ndio mji wake mkuu. Lugha ya Kikatalani ilitokana na Kilatini, kama ilivyokuwa kwa Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na Kireno. Kwa hivyo ni dada ya Kihispania, wala si lahaja yake wala mtoto wake. Mbali na Catalonia, lugha hii huzungumzwa Valencia, visiwa vya Balearic, ukanda mwembamba wa jimbo la Aragon, eneo la Perpignan kule Ufaransa na mji wa Alghero katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia. Katika taifa dogo la Andorra, lililo milimani kati ya Uhispania na Ufaransa, ndiyo lugha rasmi pekee. Wanaoielewa kwa jumla ni takriban milioni kumi, idadi inayozishinda lugha kadhaa ambazo ni rasmi katika Muungano wa Ulaya.

Ugeni wa chuki hii ni kwamba haimlengi mnyonge. Tumezoea kuona bezo likiwateremkia maskini, watu wa pembezoni, au wahamiaji wasio na mtetezi. Wakatalani ni watu wenye uwezo. Jimbo lao huchangia karibu sehemu moja kwa tano ya pato la Uhispania. Wana bandari, viwanda, vyuo vikuu na mashirika ya uchapishaji yanayosomwa kote katika ulimwengu wa Kihispania. Kwa sababu hiyo, wanaowabeza mara nyingi hujiona kuwa wao ndio wanaojitetea dhidi ya tajiri mwenye maringo, na mtu anayeamini kwamba anajitetea huwa hana haya ya kutukana.

Sifa wanayobandikwa zaidi ni ubahili. Ni ya kale ajabu, kwani hata mshairi Dante wa Italia, aliyefariki mwaka 1321, aliugusia uchoyo wa Wakatalani katika Divina Commedia. Enzi hizo wafanyabiashara na mamluki wa Kikatalani walikuwa wametapakaa kote katika Bahari ya Mediterania, na mfanyabiashara hapendwi na anayemdai. Wahispania wana msemo kwamba Mkatalani hutoa mikate kwenye mawe. Anayeutamka anaweza kuwa anasifu bidii, au anadhihaki ulafi wa fedha, kutegemea sauti yake. Katika karne ya 19, viwanda vya nguo vya Catalonia viliponawiri chini ya ulinzi wa ushuru uliozuia nguo za bei nafuu kutoka Uingereza, wakulima wa Castilla na Andalusia walilalama kwamba wanalazimishwa kununua kitambaa ghali ili kuwanenepesha mabwana wa Barcelona. Lalama hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba sera ya ushuru iligeuzwa kuwa tabia ya kuzaliwa nayo ya watu wote, mwenye kiwanda na mfumaji wake wakitiwa katika kapu moja.

Shutuma ya pili ni usaliti. Wakatalani waliasi dhidi ya mfalme wa Uhispania mwaka 1640, na mwandishi mashuhuri Francisco de Quevedo akawaandikia maneno makali. Katika vita vya kurithi kiti cha ufalme walimuunga mkono mwaniaji aliyeshindwa, na Septemba 11, 1714, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, Barcelona ilianguka mikononi mwa majeshi ya Mfalme Felipe V. Miaka miwili baadaye amri ya mfalme huyo ikafuta mabaraza na sheria za Catalonia, na Kihispania kikawa lugha ya mahakama yake kuu. Hadi leo Septemba 11 ndiyo sikukuu ya kitaifa ya Wakatalani. Ni watu wachache duniani wanaosherehekea siku waliyoshindwa.

Lakini ukizichambua kejeli hizi utaona kwamba ubahili na usaliti ni pambo tu. Kiini ni lugha. Tusi linalokumbukwa zaidi na Wakatalani wazee halitaji pesa wala vita. Ni amri: zungumza Kikristo! Maana yake ni kwamba Kihispania ndicho lugha ya binadamu mwenye dini na adabu, na hicho kingine ni kelele za kipagani. Tusi jingine huwaita Wakatalani 'Wapolandi', ingawa asili yake wasomi wanaibishania. Yamkini aliyelianzisha alitaka kusema kwamba matamshi yao hayaeleweki, kana kwamba wametoka nchi ya mbali.

Njia zilizotumiwa kuizima lugha hiyo zinawafanana watawala wa kila mahali. Mwaka 1768 Mfalme Carlos III aliagiza kwamba masomo ya msingi kote katika himaya yake yafundishwe kwa Kihispania. Katika visiwa vya Balearic, agizo la mwaka 1837 liliwataka walimu wawe na pete maalumu. Mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani alikabidhiwa pete hiyo, naye akamvizia mwenzake ili ampokeze, na aliyepatikana nayo mwishoni mwa juma aliadhibiwa. Wasomaji waliopitia shule za msingi humu nchini hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Wengi walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kutamka neno la lugha ya mama, na marehemu Profesa Ngũgĩ wa Thiong'o aliyasimulia madhila hayo kwa kina. Ubaya wa pete, kama ulivyo ubaya wa kibao, ni kuwageuza watoto kuwa majasusi wa wenzao.

Upande wa Ufaransa mambo hayakuwa tofauti. Eneo la Perpignan lilichukuliwa na Ufaransa kwa mkataba wa mwaka 1659, na mwaka 1700 Mfalme Louis XIV akapiga marufuku Kikatalani katika hati za serikali. Karne mbili baadaye, watoto wa huko walikuwa wakisoma chini ya maandishi ukutani yaliyowaagiza wawe safi na wazungumze Kifaransa, kana kwamba lugha ya mama zao ni uchafu wa kuoshwa.

Nchini Uhispania hali ilikuwa mbaya zaidi katika karne ya 20. Mnamo Novemba 1905, maafisa wa jeshi waliokasirishwa na kibonzo walivamia na kuharibu ofisi za jarida la vichekesho la Cu-Cut! na za gazeti la La Veu de Catalunya mjini Barcelona. Badala ya wavamizi kuadhibiwa, mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria iliyowapa wanajeshi mamlaka ya kuwashtaki katika mahakama zao wanaodaiwa kulitusi jeshi. Chini ya dikteta Miguel Primo de Rivera, Septemba 11, 1924, polisi walimkamata mzee wa miaka 72 aliyekuwa akielekea kanisani kwa misa ya kuwakumbuka waliokufa mwaka 1714. Walimwamuru awajibu kwa Kihispania, naye akashikilia kuwajibu kwa Kikatalani. Alikuwa Antoni Gaudí, msanifu wa kanisa la Sagrada Família, ambalo leo huivutia Barcelona mamilioni ya watalii kila mwaka. Aliachiliwa baada ya kutozwa faini. Mwaka uliofuata, mashabiki wa Barcelona walipouzomea wimbo wa taifa wa Uhispania, uwanja wao ulifungwa na mwanzilishi wa klabu, Joan Gamper, akalazimika kuuacha urais wake.

Jenerali Francisco Franco aliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939, serikali ya jimbo ilikuwa tayari imefutwa. Rais wake, Lluís Companys, alikamatwa na Wajerumani uhamishoni Ufaransa, akakabidhiwa Franco, na Oktoba 15, 1940 akapigwa risasi katika ngome ya Montjuïc. Kikatalani kiliondolewa shuleni, mahakamani, redioni na kwenye mabango ya maduka. Klabu ya Barcelona ilibadilishwa jina ili lisomeke kwa Kihispania. Hata majina ya watoto hayakusazwa: mzazi aliyetaka kumwita mwanawe Jordi aliandikiwa Jorge.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha habari anajua jinsi msomaji anavyofoka jina lake likichapishwa visivyo. Sasa chukulia kwamba kosa hilo limefanywa makusudi na serikali, likapigwa mhuri, na utaishi nalo hadi kaburini. Ndiyo maana kisa cha Johan Cruyff kingali kinasimuliwa Barcelona. Mwanasoka huyo Mholanzi, aliyekuwa nyota wa klabu hiyo, alipata mtoto wa kiume Februari 1974 na kumpa jina la Jordi, ambalo ni la mtakatifu mlinzi wa Catalonia. Msajili akakataa. Cruyff alikuwa amekwisha kumsajili mtoto Amsterdam, akaweka hati za Uholanzi mezani na kusema hataki jina jingine. Msajili akanywea. Mtoto huyo ndiye Jordi Cruyff, ambaye mashabiki wa Manchester United watamkumbuka kati ya 1996 na 2000. Wazazi Wakatalani wasio na pasipoti ya kigeni wala magoli ya kujivunia hawakuwa na hati ya kuweka mezani.

Mwimbaji Joan Manuel Serrat naye alionja shubiri hiyo. Mwaka 1968 alichaguliwa kuiwakilisha Uhispania katika shindano la nyimbo la Eurovision, akaomba aimbe kwa Kikatalani. Nafasi yake ikapewa mwimbaji Massiel, aliyeimba wimbo uo huo kwa Kihispania na kuibuka mshindi jijini London.

Ipo pia njia ya kuinyonga lugha bila kuipiga marufuku, nayo ni kuikatakata vipande na kukana kwamba vipande hivyo ni kitu kimoja. Kimvita, Kiamu na Kiunguja zina tofauti zake, lakini hakuna mwanaisimu anayezitenga na Kiswahili. Kule Valencia, hata hivyo, kumekuwa na vuguvugu kali linalodai kwamba Kivalencia ni lugha mbali kabisa na Kikatalani, na kwamba anayesema vinginevyo ni kibaraka wa Barcelona. Msomi wa lugha Manuel Sanchis Guarner alitumiwa kifurushi chenye bomu mnamo Desemba 1978, na mwaka 1981 mabomu yalilipuliwa nyumbani kwa mwandishi Joan Fuster. Hatia yao ilikuwa kueleza jambo ambalo hata akademia rasmi ya lugha ya Valencia ililithibitisha mwaka 2005, kwamba ni lugha moja yenye majina mawili. Nao wanasiasa wa Aragon walipitisha sheria mwaka 2013 iliyokwepa kabisa neno 'Kikatalani' na kuielezea kwa maneno marefu yenye maana ya 'lugha ya Kiaragon ya eneo la mashariki'. Wenyeji waliangua kicheko, kwani vifupisho vya maneno hayo vilitamkika LAPAO.

Demokrasia iliporejea, Katiba ya 1978 ilitambua Kikatalani kuwa rasmi katika majimbo yanayokitumia, ingawa ni Kihispania pekee ambacho kila raia ana wajibu wa kukijua. Mnamo 1983 kituo cha televisheni cha TV3 kilianza kutangaza, na Kikatalani kikarudishwa shuleni hadi kikawa lugha kuu ya kufundishia. Watu wengi walidhani chuki imekwisha. Mwishoni mwa 2004, mwanasiasa mmoja wa Catalonia alitamka kwamba jimbo lake lisiunge mkono azma ya Madrid ya kuandaa Olimpiki ya 2012. Krismasi hiyo, wanunuzi katika sehemu nyingine za Uhispania wakasusia mvinyo wa cava unaotengenezwa Catalonia. Mwanasiasa alinena, mkulima wa zabibu akalipa.

Kisha likaja suala la sheria kuu ya jimbo ya mwaka 2006, iliyokuwa imepitishwa na bunge la Madrid na kuidhinishwa na Wakatalani katika kura ya maoni. Chama cha Popular kilikusanya takriban sahihi milioni nne kote nchini kuipinga, na Juni 2010 Mahakama ya Kikatiba ikabatilisha vifungu 14, kikiwemo sehemu ya kile kilichokipa Kikatalani nafasi ya kwanza katika ofisi za umma. Kabla ya hapo, ni takriban mtu mmoja kati ya watano katika kura za maoni aliyetaka Catalonia iwe dola huru. Kufikia 2013 walikuwa karibu nusu. Katikati ya hayo, Oktoba 2012, Waziri wa Elimu José Ignacio Wert aliliambia bunge kwamba nia ya serikali ni kuwafanya wanafunzi wa Catalonia kuwa Wahispania zaidi. Polisi walipokuwa wakiondoka kwenda Catalonia kabla ya kura ya 2017, umati katika baadhi ya miji uliwaaga kwa wimbo wa viwanjani wa kuwahimiza wawaendee 'wale'. Haukueleza ni wale gani. Haukuhitaji.

Hata hivyo, si kila anayewapinga wanasiasa wa Barcelona ni mwenye chuki, na hapa ndipo mjadala huu hutiwa chumvi. Raia wa Uhispania ana haki kamili ya kutaka nchi yake isigawanyike. Nusu ya Wakatalani wenyewe hawataki kujitenga, na chama cha Ciudadanos kilichopambana na uzalendo wa Kikatalani kilianzishwa Barcelona mwaka 2006 na Wakatalani. Hukumu ya Oktoba 2019 iliyowafunga viongozi tisa wa vuguvugu hilo kati ya miaka tisa na 13 inaweza kulaumiwa au kutetewa kwa hoja za kisheria, kama unavyoweza kujadiliwa msamaha wa mwaka 2021 na sheria ya msamaha wa jumla ya 2024. Kiongozi anayeita kila ukosoaji wa bajeti yake katalanofobia anajikinga kwa ngao isiyo yake.

Wala Wakatalani hawajawa malaika. Kati ya miaka ya 1950 na 1970, zaidi ya watu milioni moja walihamia Catalonia kutoka Andalusia, Murcia na Extremadura kutafuta kazi viwandani. Wenyeji waliwaita 'xarnego', neno la dharau kwa mtu wa kuja asiye na asili ya maana. Mmoja wa waliohamia huko, José Montilla, mzaliwa wa mkoa wa Córdoba, alikuwa rais wa jimbo kati ya 2006 na 2010, na Kikatalani chake kilifanyiwa stihizai na watu ambao wangepaswa kumpongeza kwa kujifunza. Quim Torra alipoteuliwa rais mwaka 2018 ilifichuliwa makala yake ya 2012 iliyowafananisha wanaokichukia Kikatalani na wanyama, akalazimika kuomba radhi. Na mnamo Desemba 2021, katika mji wa Canet de Mar, familia moja iliyoomba mahakamani mtoto wao wa miaka mitano apate asilimia 25 ya masomo kwa Kihispania ilishambuliwa mitandaoni kwa vitisho na wito wa kumtenga mtoto huyo. Mtoto wa miaka mitano hana chama.

Kwa maoni yangu, mpaka kati ya upinzani na chuki si mgumu kuuona. Anayepinga uhuru wa Catalonia anabishana na mpango, na mpango unaweza kubadilishwa. Anayemwamuru muuza duka azungumze 'kama watu' anambishia mtu kuwa alivyo. Mashirika ya kutetea Kikatalani hupokea kila mwaka malalamishi ya watu waliofokewa na polisi, madaktari au wahudumu wa ofisi za serikali kwa kuzungumza lugha ambayo sheria inawaruhusu kuitumia.

Mnamo Septemba 19, 2023, bunge la Madrid liliruhusu kwa mara ya kwanza hotuba kwa Kikatalani, Kibaski na Kigalisia. Wabunge wa chama cha Vox walitoka nje, na kila aliyepita aliviweka vipokea sauti vyake vya kusikilizia tafsiri kwenye kiti cha Waziri Mkuu Pedro Sánchez, hadi vikarundikana. Ombi la Uhispania la kuzifanya lugha hizo rasmi katika Muungano wa Ulaya, ambalo linahitaji ridhaa ya nchi zote 27, liliahirishwa tena mwaka 2025.

Wakati huohuo lugha yenyewe inapungua midomoni. Utafiti wa serikali ya Catalonia ulionyesha kwamba waliokitumia Kikatalani kama lugha yao ya kila siku walikuwa asilimia 46 mwaka 2003, na asilimia 32.6 mwaka 2023. Sababu kubwa ni kwamba wakazi wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja, wengi wakitoka Amerika Kusini, Moroko na Pakistan. Sababu nyingine ni mazoea ya Wakatalani wenyewe. Wakimwona mtu mwenye sura ya kigeni hugeukia Kihispania mara moja, wakidhani wanamheshimu, naye hukaa Barcelona miaka kumi bila kusikia akisemeshwa kwa lugha ya mahali alipo. Chama kipya cha Aliança Catalana kimechukua njia nyingine, ya kuwanyooshea wahamiaji kidole, hasa Waislamu, na mwaka 2024 kilipata viti viwili katika bunge la jimbo.

Rais wa sasa wa jimbo, Salvador Illa, aliyeingia madarakani Agosti 2024, ni msoshalisti asiyetaka kujitenga na Uhispania. Katika serikali yake aliunda wizara ya kushughulikia sera ya lugha pekee, akaikabidhi kwa mwanaisimu-jamii Francesc Xavier Vila. Mojawapo ya kazi zake ni kuongeza nafasi katika madarasa ya Kikatalani ya watu wazima, kwa sababu wageni wanaotaka kujifunza wamekuwa wengi kuliko viti vilivyopo.